Maji yanayovuja mferejini hayapotei yote

Mfereji wa udongo ukisakafiwa kwa zege, wengi husema: sasa maji yameokolewa, na jirani hana cha kulalamikia. Si kweli, au tuseme ni nusu ya ukweli.

Maji yanayopenya kwenye kingo na sakafu ya udongo hushuka ardhini, na mengi huungana na maji yanayolisha visima vya jirani. Ziba mfereji, na baada ya misimu michache kamba ya ndoo inaanza kuwa fupi. Miti iliyojiotea kando ya kingo inakauka kuanzia kileleni.

Mfano maarufu ni mfereji wa All-American huko California, Marekani. Takriban kilomita 37 zilijengewa njia mpya ya zege, kazi iliyoanza mwaka 2007, ili kuokoa zaidi ya mita za ujazo milioni 80 kwa mwaka. Wakulima wa bonde la Mexicali, ng'ambo ya mpaka nchini Meksiko, walikuwa wakivuta kwa pampu maji hayohayo "yaliyopotea". Baraza la maendeleo ya uchumi la Mexicali na vikundi vya mazingira vya California walikwenda mahakamani, wakashindwa kuuzuia mradi.

Lakini shamba lililo bondeni, ambalo uvujaji huo umeligeuza tope, udongo ukafanya ukoko mweupe wa chumvi na mahindi yakawa ya njano, huanza kupona mfereji unapozibwa. Ukarabati mmoja, majirani wawili, hesabu mbili tofauti. Kwa hiyo kabla zege halijamwagwa, pimeni kina cha maji visimani, muandike, na kila mwenye shamba abaki na nakala.