Huo mstari unaoshuka kwenye grafu ni malaria imepungua au ripoti hazijafika?

Hili swali sikuliuliza mimi mtaalamu, liliulizwa na bibi mmoja kijijini huko Newala. Tulikuwa chini ya mwembe na karatasi zetu za grafu tumezichapisha kwa rangi, tukajua hapa tumemaliza kazi, bibi akaigeuza karatasi juu chini akasema mwanangu, mbona mwezi huu ndo zahanati tulijaa mpaka nje, nyie mnasema malaria imeshuka? Tukarudi kuangalia, kumbe kuna zahanati mbili hazikuleta ripoti mwezi ule, basi. Mstari umeshuka na hamna mgonjwa aliyepungua.

Wengi hawajui namba hizi zinatoka wapi. Ukienda zahanati nesi anakuandika kwenye kitabu cha MTUHA, yaani daftari la taarifa za wagonjwa, mwisho wa mwezi wanajumlisha na jumla inaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, huu ulitengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway na hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya nao kazi miaka mingi. Zinapanda wilayani, mkoani, taifa. Kushuka kurudi kwa mwenye kijiji, hapo ndo shida, na siku tukiamua kuzirudisha tunatengeneza dashibodi, yaani ukurasa wa grafu na namba, ofisini tukiwa na kompyuta kubwa na kiyoyozi halafu tunawaletea wananchi "watoe maoni" wakati kila kitu kishachorwa.

Waiteni wananchi kabla hamjachora. Mtu wa Tandahimba anashika kiswaswadu, akiwa na simu janja basi bando la kuhesabu, na kwenye jua la saa saba ile rangi ya kijivu mliyoipenda haionekani kabisa. Asiyeona anatumia programu inayomsomea skrini kwa sauti, lakini grafu mkiiweka kama picha tupu bila maelezo itamwambia "picha" tu, inanyamaza. Na huku Mtwara na Lindi tuna watu wenye matende, mguu umevimba, huyo humwiti mkutano wa kilomita tano, unamfuata kwake.

Sasa kuna kitu ambacho wanakijiji wanakijua kuliko sisi, nacho ni kipi kisionyeshwe. Ukiandika kitongoji fulani kina mgonjwa 1 wa kifua kikuu, sawa, jina hujaliweka, ila kila mtu anamjua maana alionekana anakohoa na anaenda kuchukua dawa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini sheria haikai kitongojini, wanaokaa ni wao, kwaiyo waulizeni namba ndogo kama hizo ziunganishwe na za kata au zifichwe.

Na msiwaite mwenyekiti na mtendaji peke yao mkasema jamii imeshirikishwa. Kina mama wakae peke yao kwanza, kuna mambo ya kliniki hawatasema mbele ya wakwe.

Halafu msije Oktoba jamani, watu wako kwenye korosho, mtakuta watoto na kuku. Sisi tulienda, tukakaa mpaka saa kumi.

Ile grafu ya bibi siku hizi ina mstari chini yake kwa maandishi makubwa: zahanati ngapi zimeleta ripoti, ngapi bado.