Ukituma hela nje ya nchi, kinachosafiri ni maelezo yako

Nafanya kazi kwenye kitengo cha malipo ya nje cha benki moja hapa Dar es Salaam. Simu nyingi zinazonifikia ni za wafanyabiashara wa Kariakoo na za wazazi wenye watoto vyuoni India au China, na swali ni lilelile: hela yangu imekwama wapi? Mara nyingi jibu liko kwenye fomu aliyoijaza mteja mwenyewe kwenye simu au kompyuta yake. Natamani watu waielewe fomu ile, maana ndiyo kila kitu.

Ukishabonyeza "Tuma", hakuna dola inayopanda ndege. Benki yako inakata akaunti yako, kisha inatuma ujumbe kupitia SWIFT, mtandao ulioanzishwa na mabenki mwaka 1973, makao yake Ubelgiji. SWIFT haishiki hela ya mtu, inapeleka ujumbe tu. Hela yenyewe inahama kwenye vitabu vya mabenki: benki yako ina akaunti ya dola kwenye benki kubwa ya nje, kwa kawaida New York, na benki ya mpokeaji nayo ina ya kwake. Ndiyo maana wewe uko Msimbazi, muuzaji yuko Guangzhou, lakini dola zako zinapitia Marekani.

Na huko katikati ndiko zinakopungua. "Kaka, nimetuma dola elfu tano, mwenye kiwanda anasema zimefika pungufu, hataki kupakia mzigo." Nikifungua malipo yake nakuta kwenye makato kumechaguliwa SHA, kwa sababu ndiyo iliyokuja ya kwanza kwenye skrini. SHA maana yake wewe unalipa ada ya benki yako, na makato ya njiani na ya kule mwisho yanatoka kwenye hela inayosafiri. Benki ya katikati ikikata dola 25, muuzaji anapokea 4,975. Ukichagua OUR, makato unayabeba wewe. Unalipa zaidi hapa, lakini lengo ni mpokeaji apate kiasi kamili. BEN inamtwisha mpokeaji yote. Kwa ankara ya kiwanda au ada ya chuo, mimi nashauri OUR bila kusita. Chuo kikipokea pungufu, mtoto anaweza kuzuiwa kusajiliwa kwa deni la dola ishirini, na kutuma hizo ishirini nako kuna ada yake.

Sasa namba. Kama unalipa Dubai, Uturuki au Ulaya utaombwa IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa. Ya Falme za Kiarabu ina herufi na tarakimu 23 kwa jumla: AE, tarakimu mbili za ukaguzi, tatu za benki, halafu 16 za akaunti. Ya Uturuki ina 26, ya Ujerumani 22. Zile mbili za ukaguzi zina kazi kubwa. Mfumo unahamisha alama nne za mwanzo kwenda mwisho, unageuza herufi kuwa namba, unagawanya kwa 97, na lazima ibaki 1. Ukipindua tarakimu mbili, hesabu inagoma na skrini inakukatalia kabla senti haijatoka.

China, India na Marekani hazitumii IBAN. Huko unaandika namba ya akaunti ya kawaida pamoja na namba ya SWIFT ya benki, yenye alama 8 au 11. Alama ya tano na ya sita ni nchi, kama TZ yetu. Kosa la tarakimu moja kwenye akaunti ya namna hiyo linaweza kusafiri mpaka mwisho wa safari, likakataliwa kule, na hela ikarudi baada ya siku kadhaa ikiwa imekatwa kwenda na kurudi. Soma namba hiyo kwa sauti, mtu mwingine akiwa ameshika ankara.

Jina nalo liandike kama lilivyo kwenye akaunti, si kama unavyomwita muuzaji kwenye WeChat. Akikuambia utume kwenye akaunti yake binafsi, fahamu kwamba China ina ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka kwa mtu binafsi kubadilisha fedha za kigeni kuwa yuani. Muuzaji mwenye wateja wengi anaumaliza mapema, na hela yako inabaki inaning'inia.

Kwenye sababu ya malipo usiandike "bidhaa" peke yake. Andika "vitenge, ankara namba fulani", au jina la mwanafunzi na namba yake ya usajili. Mabenki yote njiani yanachuja ujumbe kulinganisha na orodha za watu na nchi zilizowekewa vikwazo, na neno kama Iran, hata likiwa sehemu ya jina la duka, linaweza kusimamisha malipo mpaka mtu ayasome.

Kuhusu muda: saa kumi jioni hapa, New York ni saa mbili au saa tatu asubuhi kutegemea msimu. Malipo ya Ijumaa jioni usiyategemee kabla ya Jumatatu, na wiki ya kwanza ya Oktoba China iko likizo.

Kuna jambo linaloniuma kuliko yote haya. Wahalifu wanaingia kwenye barua pepe ya muuzaji, wanasubiri ankara halisi itoke, kisha wanakuandikia kwamba akaunti imebadilika. Nembo ileile, bidhaa zilezile, kiasi kilekile, benki tu ndiyo mpya, wakati mwingine hata nchi ni nyingine. Ukipata ujumbe wa namna hiyo, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, siyo iliyo kwenye ujumbe huo, na usikie sauti unayoifahamu. Kama umeshatuma, njoo benki saa hiyohiyo na uombe malipo yarudishwe. Taja namba ya ufuatiliaji ya UETR, yenye alama 36, iliyo kwenye nakala ya ujumbe ambayo wengi bado wanaiita MT103. Hela ikiwa bado iko njiani tunaweza kuisimamisha. Ikishaingia kwenye akaunti ya kule, benki ile kwa kawaida itataka ridhaa ya mwenye akaunti kabla ya kuirudisha, na mwenye akaunti ni yule aliyekuibia.