Je, wajua kwa nini kanisa la sokoni Kraków linaonekana kama limezama?

Mji wa Kraków, kusini mwa Poland, una uwanja wa soko ambao kila upande wake unafikia mita 200 hivi. Kwenye kona moja kuna kanisa dogo la Mtakatifu Adalbert, na sakafu yake ya kale iko zaidi ya mita 2 chini ya mahali watu wanapokanyaga leo. Ukiliona utadhani limedidimia kwa uzito wa kuta zake. Kumbe kanisa halijasogea. Uwanja ndio uliopanda.

Wamongolia waliuteketeza mji huu mwaka 1241. Mwaka 1257 mtawala Bolesław aliupa hati mpya iliyofuata sheria za mji wa Magdeburg, ulioko Ujerumani ya leo, ndipo uwanja ukapimwa na mitaa ikanyooshwa. Kanisa la Adalbert lilikuwepo tayari, na ndiyo maana limekaa mshazari, halifuati mistari ya wapimaji.

Halafu zikaja bidhaa. Chumvi ilitoka Wieliczka, mji wa jirani, na vitambaa vilitoka mbali, hata kutoka Flanders, eneo la Ubelgiji ya leo. Kuanzia mwaka 1306 mfanyabiashara aliyepita Kraków hakuruhusiwa kuendelea na safari yake kabla ya kuteremsha mzigo na kuuweka sokoni. Sheria ya ujanja kweli, kwa sababu iliulazimisha msafara wa mtu mwingine ulishe mji wako.

Sasa fikiria mikokoteni yote hiyo, farasi na samadi yao, matope ya masika, majani makavu, vipande vya mbao, vyungu vilivyovunjika. Hakukuwa na gari la taka. Njia ilipogeuka tope, watu walimwaga mchanga, wakatandika mbao, baadaye mawe, juu ya uchafu uleule. Tabaka juu ya tabaka, kizazi baada ya kizazi, mpaka mlango wa kanisa ukabaki shimoni. Mwanzoni mwa karne ya 17 mafundi walikata shauri: wakaongeza kimo cha kuta na kutoboa mlango mpya usawa wa uwanja.

Wanaakiolojia walipochimba kati ya mwaka 2005 na 2010 walizikuta barabara hizo zimelaliana, nyingine zikiwa na michirizi ya magurudumu kwenye mawe. Chini zaidi kulikuwa na makaburi ya karne ya 11, ya kabla uwanja haujapimwa. Palipokuwa na nyumba ya mizani, ambako bidhaa nzito zilipimwa, walikuta bonge la madini ya risasi lenye uzito wa karibu kilo 700, bado likiwa na mihuri yake. Mtu aliliacha hapo, na si mzigo wa kusahau mfukoni.

Shimo halikufukiwa. Tangu mwaka 2010 ni makumbusho, na wageni hutembea humo chini kwenye soko la zamani huku biashara ikiendelea juu ya vichwa vyao.