Kubuki sio kuuza mechi jamani

Kila ikifika msimu wa G1 Climax, yale mashindano ya mieleka ya New Japan, kampuni ya mieleka ya Japani, watu wanaanza "ingekuwa mimi fulani ndo angebeba", halafu lazima atokee mmoja aseme kumbe mnakubali mechi zinauzwa, kama yule wa jana aliyedai Keiji Muto aliuza fainali ya 1991. Hapana ndugu yangu. Mieleka hii ni maonyesho, na kubuki ni kuamua mapema nani ampige nani, lini na kwa nini, na kubuki kinyume ni kuchukua kilichokwishatokea, unageuza mshindi, halafu unafuatilia kinachobadilika huko mbele. Basi.

Neno lenyewe ni lile lile la kubuki tiketi ya basi. Limetoka kwenye kitabu, promota alikuwa anaandika mwanamieleka fulani, tarehe fulani, ukumbi fulani, na mwenye kitabu ndo akawa mwenye maamuzi hadi ya nani ashinde. New Japan miaka ya 90 kazi hiyo alikuwa nayo Riki Choshu, mwenyewe mwanamieleka, na cheo chake walikiita genba kantoku, yaani msimamizi wa saiti, fomeni kabisa kama wa ujenzi. Nakipenda hicho cheo. Fomeni hawafichi mafundi ramani, wanamieleka wote wawili wanajua nani atashinda, wakati kwenye kuuza mechi kuna bahasha inapita chini na wenzako uwanjani wanakimbia hadi jasho linawatoka hawajui kitu.

Sasa geuza G1 ya kwanza, 1991. Choshu alijipa pointi sifuri! Mechi 3 za kundi, zote kapigwa. Masahiro Chono ambaye wengi hawakumpa nafasi akampiga Keiji Muto fainali pale Ryogoku Kokugikan, ukumbi wa sumo, na watu wakaanza kurusha zabuton, ile mito ya kukalia, inaruka tu juu ya vichwa kuelekea ulingoni. Ukigeuza matokeo yote fomeni anapata pointi 6 na anaingia fainali ya mashindano aliyopanga mwenyewe, hapo mito ingerushwa vilevile ila kwa hasira. Ukigeuza fainali peke yake Muto anabeba, hakuna anayeshtuka, na Chono aliyekuja kubeba G1 mara 5 sioni angeanzia wapi.

So wewe uliyesema jana Muto "aliuza fainali", sema tu alipangiwa kupoteza, tutakuelewa.