Korp haikutoka kwenye corvus

Kwa mara nyingine tena nimeambiwa kwamba korp, jina la Kiswidi la yule kunguru mkubwa mweusi tii, limetoka kwenye corvus la Kilatini. Ushahidi? Yote mawili yana kor-, na Linnaeus, Mswidi aliyewapa viumbe majina ya kisayansi ya Kilatini, alimwita ndege huyo Corvus corax mwaka 1758. Lakini korpr limo tayari kwenye Kinorse cha kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, karne nyingi kabla ya Linnaeus kuzaliwa.

Kufanana si undugu. Panda ya Kiswahili ni handa kwa Kikuyu, na neno "hapa" kwao ni haha: p huku, h kule, kwa utaratibu. Undugu hupimwa hivyo. Sasa pima Kilatini na Kiswidi: cornu ni horn (pembe), centum ni hundra (mia), cor ni hjärta (moyo). C ya Kilatini, inayotamkwa k, hukutana na h. Kwa hiyo ndugu wa corvus lazima aanze na h, na yupo: hrafn ya Kinorse. Kiswidi kiliiangusha h iliyotangulia r, kisha fn ikawa mn. Linganisha Kidenmaki na Kiswidi: havn, hamn (bandari), navn, namn (jina). Na ravn ya Kidenmaki? Ramn, ndilo jina la kunguru huyu katika Kiswidi cha kale. Korp limelisukuma nje.

"Basi limekopwa." Haya, tazama mikopo yenyewe kutoka Kilatini: breve ikawa brev (barua), vinum ikawa vin (mvinyo). V imebaki v. Corvus ingekopwa hivyo tungepata korv, na korv kwa Kiswidi ni soseji, neno jingine kabisa. Hiyo p ya korp imetoka wapi?

Jibu la kawaida ni mlio: ndege anakoroma kooni, watu wakamwigiza. Nalikubali, ila linanikera kidogo, maana maneno ya kuigiza milio hayafuati kanuni za sauti, hivyo hatuwezi kulipima kama tulivyopima hrafn. Tena corvus na hrafn zenyewe huenda zilianzia kwenye mlio huohuo, zamani mno. Watu wawili wakimwigiza ndege mmoja, kor- kutokea mara mbili si ajabu.

Ukifungua kamusi ya Kiswidi ukakuta jfr kabla ya neno la Kilatini, ni kifupi cha jämför, yaani "linganisha". Usiisome kama "limetokana na".