Uraia wa kuzaliwa hauulizi ulizaliwa wapi

Kila mjadala wa vitambulisho ukizuka hapa Nairobi, hakosi mtu wa kusema, "Huyu kazaliwa hospitali ya Pumwani, basi ni Mkenya wa kuzaliwa." Sivyo. Kwa Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010, raia wa kuzaliwa ni yule ambaye siku aliyozaliwa, awe Kenya au nje, mama au baba yake alikuwa raia wa Kenya.

Anayetazamwa ni mzazi, si hospitali. Na mzazi mwenyewe hutazamwa uraia wake, si kabila lake. Hapo ndipo wengi hupotea. Mmasai wa Namanga na Mmasai wa Longido ng'ambo ya pili wanaweza kuwa wa ukoo mmoja, wakaoana na kuzikana, lakini huyu Mkenya, yule Mtanzania. Wazazi wote wawili wakiwa Watanzania, mtoto wao hata akizaliwa Nairobi haupati uraia wetu. Wa mama Mkenya akizaliwa Arusha anao tangu siku hiyo, ingawa kabla ya 2010 aliyezaliwa nje aliurithi kwa baba tu. Haki hiyo ya akina mama ni kubwa, na inasikitisha kuona isivyojulikana.

Anayedhani tofauti hii ni ya wanasheria tu awatazame Washona. Wazee wao walikuja miaka ya 1960 kuhubiri, kutoka nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Watoto na wajukuu wakazaliwa Kiambu na Nairobi, wasijue kwao kwingine, na bado wakakaa bila uraia wowote, kwani mzazi hakuwa nao wa kuwarithisha. Tarehe 12 Desemba 2020 serikali ikatangaza kuwapa uraia Washona 1,670. Huo ni uraia wa kusajiliwa: unaweza kufutwa kwa sababu zilizotajwa katika Kifungu cha 17, na aliye nao hawezi kugombea urais. Ila mtoto atakayezaliwa baada ya mzazi kusajiliwa ni Mkenya wa kuzaliwa, kamili.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukitaka kumtetea kijana aliyenyimwa kitambulisho, usianze na cheti chake cha kuzaliwa. Anza kwa kuuliza mama yake au baba yake alikuwa raia wa wapi siku ile.