Leseni ya maktaba ya kodi: GPL, LGPL, MIT au Apache?

Maktaba ya kodi, yaani mkusanyo wa maandishi ya programu (code) yaliyo tayari kutumika, haijitegemei. Imeandikwa ili iingizwe ndani ya programu ya mtu mwingine. Kwa hiyo leseni yake humfuata huyo mwingine. Ukitumia programu ya GPL, mojawapo ya leseni za programu huria, ofisini kwako hudaiwi kitu. Ukiingiza maktaba ya GPL kwenye programu yako kisha ukaisambaza, unadaiwa utoe maandishi ya programu nzima, chini ya GPL hiyohiyo.

Yalimkuta Bruno Haible mwaka 1992. CLISP, programu yake ya lugha ya Lisp, iliweza kutumia Readline, maktaba ya GNU inayokuwezesha kusahihisha amri unapoiandika. Readline ni ya GPL, na yeye hakutaka CLISP iwe ya GPL. Akabishana kwa barua na Richard Stallman, mwanzilishi wa GNU na mwandishi wa GPL, na mwishowe CLISP ikahamia GPL. Shuruti ile ilifanya kazi kwa sababu Readline ilikuwa na mvuto. Maktaba yenye mbadala kumi haina nguvu hiyo: watu wataipita tu.

Stallman mwenyewe alilielewa hilo. Mwaka 2001 maktaba za Ogg Vorbis, fomati ya sauti iliyoshindana na MP3 yenye hataza (patent), zilitoka LGPL, GPL iliyolegezwa, zikaenda BSD, leseni yenye masharti machache, naye akaunga mkono: pale kilichotakiwa kwanza ni fomati ienee.

LGPL iko katikati. Ukiibadili maktaba yenyewe na kuisambaza, toa mabadiliko. Programu inayoiita ibaki na leseni yake, mradi mtumiaji aweze kuchomeka toleo lake la maktaba. glibc, maktaba ya lugha ya C kwenye Linux, iko hivyo. MIT na BSD hudai kidogo sana: usifute tamko la hakimiliki na maneno ya leseni.

Apache 2.0, ya mwaka 2004, huongeza hataza: kila mchangiaji anakuruhusu kutumia hataza zake zinazoguswa na mchango wake, na ukifungua kesi ya hataza juu ya kodi hiyo, ruhusa inakatika. Ila haipatani na GPLv2, toleo la pili la GPL. Na GPLv3 inapatana.

Mimi kwa maktaba ya kawaida huchagua Apache, hasa kampuni zikichangia. LGPL naiwekea ile isiyo na mfano. Na usiache kuweka faili la LICENSE. Bila hilo, hata kodi ikiwa wazi mtandaoni, kisheria hujampa mtu ruhusa ya kuitumia kwenye kazi yake.